Je, wajua kwa nini Marekani ilipata adhuhuri mbili kwa siku moja?

Mtu wa Dar es Salaam akienda Kigoma kuwasalimu wakwe zake, kitu kimoja cha kumshangaza ni adhana. Kwao amezoea adhuhuri iingie saa sita na dakika ishirini na kitu, ikipanda na kushuka kidogo kulingana na mwezi. Kigoma muda huo msikiti umenyamaza na jua bado linapanda. Adhuhuri itaingia karibu saa saba. Saa yake ya mkononi ni nzima. Kigoma iko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi kumi za longitudo, na jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi. Ukipiga hesabu unapata tofauti ya dakika 38 na ushei. Nchi nzima tumepewa saa moja, ila jua halikupewa taarifa.

Nani basi alikaa akaamua kwamba miji iliyo mbalimbali isome saa moja, jua liseme litakalo? Uingereza ilitangulia, reli zake zikifuata saa ya Greenwich tangu miaka ya 1840, lakini ile ni nchi ndogo, kisiwa kimoja. Kulikata bara zima vipande vya saa moja moja ni kazi iliyofanyika Amerika Kaskazini mwaka 1883. Na walioifanya hawakuwa wabunge wala wanafalaki. Walikuwa watu wa reli.

Kabla ya hapo kila mji wa Marekani ulikuwa na saa yake. Jua likifika utosini, ndiyo saa sita, basi. Chicago ikiwa saa 6:00 mchana, Pittsburgh ilikuwa 6:31, Cleveland 6:24, Louisville 6:09, St. Louis 5:50, na Omaha huko magharibi 5:27. Hakuna mji uliokuwa ukidanganya. Na kwa mtu anayesafiri kwa farasi, dakika tisa kati ya Chicago na Louisville hazikuwa na maana yoyote. Siku nzima za njiani zilimeza tofauti hiyo asiione.

Treni ndiyo iliyoifanya ionekane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, nchi ilikuwa na reli za kilomita kama 56,000. Mwaka 1869 reli ya mashariki na ya magharibi zikakutana Promontory Summit, Utah, na safari ya miezi kutoka New York hadi California ikawa ya wiki moja hivi. Kufikia 1900 reli zilipita kilomita 300,000. Makaa ya mawe, chuma, ngano, nyama ya ng'ombe wa Chicago, wahamiaji kutoka Ulaya, vyote vilipita humo. Uchumi wote wa viwanda ulikuwa umekaa juu ya ratiba za treni.

Na ratiba zilikuwa vurugu. Kila kampuni iliendesha treni zake kwa saa ya mji wa makao makuu yake, na kwa jumla zilikuwapo saa za reli kama hamsini. Stesheni ya Buffalo ilitundika saa tatu ukutani: moja ya New York, moja ya Columbus, na ya tatu ya Buffalo yenyewe. Abiria anayebadilisha treni alipaswa kujua kwanza anapanda ya kampuni gani, kisha asome saa ya kampuni hiyo, kisha akumbuke kwamba chakula cha mchana hotelini kinapakuliwa kwa saa nyingine kabisa.

Abiria kuachwa na treni ni hasara ndogo. Tatizo kubwa lilikuwa njia yenyewe. Sehemu nyingi reli ilikuwa moja tu, treni za kwenda na za kurudi zikipishana mahali maalumu palipochepushwa njia. Hapakuwa na taa za kuongoza kama za leo. Kilichozuia treni mbili kukutana uso kwa uso kilikuwa saa ya mfukoni ya kondakta: wewe subiri hapa mpaka saa fulani, mwenzako apite, ndipo uondoke. Tarehe 12 Agosti 1853, karibu na Valley Falls, Rhode Island, kondakta aliyeamini kwamba bado ana muda wa kufika penye njia mbili aliruhusu treni iendelee. Saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika chache tu. Treni mbili ziligongana na watu 14 wakafa. Tunapozungumzia saa za Marekani ya karne ya 19, tusidhani ni habari ya mapambo ya mfukoni.

Hapo ndipo muda ulipogeuka bidhaa, na binafsi hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Juu ya Pittsburgh kulikuwa na kituo cha falaki cha Allegheny, na mkuu wake, Samuel Langley, hakuwa na fedha za kukiendesha. Mwaka 1869 akaingia mkataba na kampuni ya reli ya Pennsylvania: yeye awauzie saa. Si saa ya kutundika, ni muda wenyewe. Usiku wanafalaki walichungulia kwenye darubini wakingoja nyota fulani ipite kwenye uzi mwembamba uliotegwa ndani yake; kwa tukio hilo waliipima saa kuu ya kituo imekosea kiasi gani, wakairekebisha. Kisha milio ya saa hiyo ikasafirishwa kwa nyaya za simu ya telegrafu hadi stesheni za njia nzima. Fedha za watu wa reli zikalipia utafiti wa nyota.

Hata hivyo, saa sahihi hamsini bado ni saa hamsini. Mtu wa kwanza kupendekeza kwa dhati kwamba nchi igawanywe alikuwa Charles Dowd, mkuu wa shule ya wasichana huko Saratoga Springs, New York. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliwaandikia wakuu wa reli, akachora ramani, akasafiri kuwashawishi. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao. Aliyefanikiwa alikuwa wa ndani: William Allen, mhariri wa kitabu kikubwa cha ratiba za reli na katibu wa mkutano wa kampuni hizo. Yeye ndiye aliyekuwa akizichapisha saa zote hamsini, na bila shaka ndiye aliyekuwa amechoka nazo kuliko mtu yeyote.

Mpango wake unaelezeka kwa mishale ya saa. Mshale wa dakika usome mamoja kutoka pwani ya Atlantiki hadi Pasifiki. Unaobadilika ni mshale wa saa peke yake, nao uruke saa moja kamili kila nyuzi 15. Akachukua mistari ya longitudo ya 75, 90, 105 na 120 magharibi ya Greenwich, kila mmoja upite katikati ya kanda yake, kanda nne kwa jumla. Mipaka ya kanda hakuinyoosha kwa rula. Aliipitisha kwenye stesheni ambako kampuni zilikuwa tayari zinabadilisha wafanyakazi na ratiba. Kwa wakubwa wake alikuwa na hoja ya kibiashara: tusipolimaliza tatizo hili wenyewe, mabunge ya majimbo yatatumalizia, na tunajua hekima ya mabunge. Tarehe 11 Oktoba 1883, katika hoteli ya Grand Pacific, Chicago, wakakubali.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili, 18 Novemba 1883, treni zikiwa chache. Mji ulio mashariki ya mstari wa katikati ya kanda yake huliona jua utosini mapema, kwa hiyo saa zake zilikuwa mbele na ilibidi zisubiri. Chicago saa kuu ya stesheni ilisimamishwa ilipogonga saa sita ya jua. Wafanyakazi wa treni walikaa na saa zao za mfukoni mikononi, pendulamu imeshikwa, kwa dakika 9 na sekunde 32, mpaka ishara ya telegrafu ilipoingia na saa ikaanza tena kutembea, ikiwa saa sita kwa mara ya pili. New York ilikuwa na kungoja kwa dakika nne kasoro. Allen mwenyewe alipanda juu ya paa la jengo la kampuni ya telegrafu ya Western Union. Akasikia kengele za kanisa la St. Paul's zikigonga saa sita ya zamani. Baada ya dakika nne hivi, tufe kubwa lililotumika kuwatangazia watu adhuhuri likaporomoka kwenye mlingoti wake, na kengele za kanisa la Trinity zikagonga saa sita mpya. Ndiyo adhuhuri mbili zenyewe. Miji ya magharibi ya mistari haikupata bahati hiyo: Washington, kwa mfano, ilipoteza dakika nane.

Serikali ilikuwa wapi? Haikuwapo. Mwanasheria mkuu, Benjamin Brewster, alitoa maoni kwamba idara za serikali hazina ruhusa ya kufuata saa hiyo bila idhini ya Bunge. Gazeti moja la Indianapolis likaandika kwa kejeli kwamba jua si bosi tena: watu milioni 55 sasa watakula, watalala na kufanya kazi kwa saa ya reli, wataoa kwa saa ya reli na kufa kwa saa ya reli. Meya wa Bangor, Maine, aliikataa katakata, akisema hakuna mwenye mamlaka ya kubadili sheria za Mungu. Cincinnati iligoma kwa miaka kadhaa, kwa kuwa ilitakiwa kurudisha saa nyuma dakika 22.

Detroit ndiyo iliyovunja rekodi. Iling'ang'ania jua lake hadi 1900, baraza la mji lilipoamuru saa zirudishwe nyuma dakika 28. Nusu ya mji ikatii, nusu ikakataa, na amri ikafutwa. Mtu mmoja akajitolea kwa dhihaka kujenga saa ya kivuli cha jua mbele ya ukumbi wa mji. Ombi lake likapelekwa kwenye kamati ya mifereji ya maji machafu.

Saa iliyozaliwa stesheni haikubaki stesheni. Iliingia kiwandani. Kijana aliyetoka shamba, ambako kazi iliisha pale ilipoisha, sasa aliitwa na king'ora. Mwaka 1890 Willard Bundy, sonara wa Auburn, New York, alipata hataza ya mashine ya mahudhurio: kila mfanyakazi ana ufunguo wenye namba yake, akiuchomeka asubuhi, namba na saa vinapigwa chapa kwenye utepe wa karatasi. Kampuni yake ni mojawapo ya mizizi ya kampuni ya kompyuta ya IBM. Huko Philadelphia, Frederick Taylor alisimama nyuma ya mafundi wa chuma, saa mkononi, akipima kila tendo lao kwa sekunde.

Wafanyakazi nao wakajifunza kuhesabu. Mwajiri akiwa na saa, na wao wanataka zao: nane za kazi, nane za kupumzika, nane za kufanya wapendavyo. Tarehe 1 Mei 1886 mamia ya maelfu waligoma nchi nzima kudai saa nane. Siku tatu baadaye bomu lililipuka katika uwanja wa Haymarket, Chicago. Polisi na raia wakafa, na mwaka uliofuata wanaume wanne wakanyongwa baada ya kesi ambayo wengi waliiona ya dhuluma. Mei Mosi tunayoandamana nayo Dar na Nairobi chimbuko lake ni mgomo huo. Marekani yenyewe sikukuu yake rasmi ya wafanyakazi huiadhimisha Septemba. Na katika viwanda vya chuma watu waliendelea na zamu za saa 12 hadi 1923.

Sheria ilikuja ikiwa imechelewa. Ni tarehe 19 Machi 1918, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka 35 baada ya adhuhuri mbili, ndipo Bunge lilipoipa saa ya reli nguvu ya kisheria. Hapo hapo likaongeza mtindo wa kusogeza saa mbele majira ya joto. Wakulima wakaja juu: umande haukauki kwenye majani yaliyokatwa kwa kufuata saa, lakini vibarua wanaondoka kwa kuifuata. Mwaka 1919 kipengele hicho kikafutwa, Rais Wilson akipinga. Kanda zenyewe hakuna aliyezigusa.

Detroit je? Mwaka 1905 ilikubali kanda ya kati, kisha 1915, ikitaka mwanga zaidi jioni, ikahamia kanda ya mashariki, ambako iko mpaka leo. Kwa hiyo katika miezi ya baridi, saa zikiwa hazijasogezwa mbele, jua hufika utosini hapo, kwa wastani, saa 6:32 mchana, sawasawa na Nairobi.