Kinondoni haikukimbiwa na watu laki nane

Ramani ileile inarudi kila msimu wa tasnifu. Kinondoni imepakwa nyekundu, na chini yake kuna maelezo kwamba wilaya imepoteza karibu nusu ya wakazi wake kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, pengine kwa sababu ya kodi za nyumba, pengine watu wamehamia Bagamoyo. Takwimu zenyewe ni za kweli: 1,775,049 mwaka 2012, na 982,328 mwaka 2022. Kosa ni kuamini kwamba jina moja maana yake ni ardhi moja.

Katikati ya sensa hizo mbili Kinondoni ilimegwa ikazaliwa Ubungo, na Temeke ikamegwa ikazaliwa Kigamboni. Manzese, Sinza, Kimara na Mbezi zilihesabiwa Kinondoni mwaka 2012. Mwaka 2022 zilihesabiwa Ubungo. Rudisha Ubungo (1,086,912) kwa mama yake utapata 2,069,240, yaani ongezeko la kama asilimia 1.5 kwa mwaka. Hakuna aliyekimbia.

Kinondoni lakini si hatari sana, maana kosa lake linapiga kelele. Wilaya ya katikati ya Dar es Salaam ikipungua kwa asilimia 6 kila mwaka, msimamizi makini atauliza. Linaloniudhi mimi ni Temeke. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,368,881, na 2022 ikawa na 1,346,674. Pungufu kidogo tu. Hiyo inaaminika! Utasoma aya nzima kuhusu Temeke iliyojaa hadi ikafika kikomo, na hakuna atakayeshtuka. Ongeza Kigamboni (317,902) uone: 1,664,576, ongezeko la karibu asilimia 2 kwa mwaka. Ukilinganisha na mkoa mzima, uliotoka 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 2.1, Temeke ya zamani imekwenda sambamba na jiji. Kosa la mpaka linalotoa jibu la busara ndilo linaloingia kwenye ripoti na kupangiwa shule na zahanati.

Wengine hujitetea kwamba hawakuunganisha jedwali na ramani kwa jina, wameunganisha kwa namba ambayo kila mkoa hupewa kwenye sensa. Namba nayo haisaidii. Mbeya ni 12 mwaka 2002, ni 12 mwaka 2012, na ni 12 mwaka 2022, ingawa 2016 ulitolewa humo mkoa mzima wa Songwe ukapewa 26. Ukifuata 12 peke yake utaona Mbeya ikishuka kutoka 2,707,410 hadi 2,343,754. Jumlisha Songwe, 1,344,687, upate 3,688,441. Namba inakutajia ofisi ya mkoa. Haikuambii mpaka umepita wapi mwaka ule. Na kuna Songwe mbili: mkoa, na wilaya iliyokatwa Chunya. Ukifanya kazi ngazi ya wilaya, Chunya ya 2012 inalingana na Chunya jumlisha wilaya ya Songwe ya 2022, si vinginevyo.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, jiulize faili la mipaka (ramani ya kompyuta) ulilonalo ni la sensa ipi. Jina la faili lisikuhadae. Hesabu mikoa, Bara na Zanzibar pamoja: ikiwa 25 ni mipaka ya 1988, 26 ni ya 2002 (Manyara imeshatoka Arusha), 30 ni ya 2012 (Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zimeingia), 31 ni ya 2022. Unganisha kwanza vipande vyenye jina moja, kwa sababu visiwa na maziwa mara nyingi vimewekwa kama poligoni (maumbo yaliyofungwa kwenye ramani) za peke yake, na hesabu itakupotosha. Mafaili ya bure ya dunia nzima kama GADM yanafaa kwa ramani ya ukutani. Kwa kulinganisha sensa mbili, tafuta kwanza mafaili ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yaliyotengenezwa kwa sensa husika. Toka hapo nenda IPUMS International, hifadhi ya mtandaoni ya data za sensa za nchi nyingi: ni bure, unajisajili na kueleza utafiti wako, kisha unapata sampuli za asilimia 10 za 1988, 2002 na 2012 pamoja na mipaka ya kila mwaka na mipaka iliyosawazishwa. Usisahau uzito wa PERWT, yaani namba inayosema kila mtu wa sampuli anawakilisha watu wangapi. Ukihesabu mistari ya data bila uzito, hiyo si idadi ya watu.

Mipaka iliyosawazishwa ina gharama. Usawazishaji daima hupanda juu: wilaya zilizogawanyika hurudishwa pamoja hadi lipatikane eneo ambalo halikuvukwa na mpaka katika sensa zote. Unapata ulinganifu wa haki, lakini kwa vipande vikubwa ambavyo havina tena jina la wilaya yoyote iliyopo. Wengi hapo hukata tamaa, wakaanza kugawa idadi kwa ukubwa wa eneo. Tafadhali msifanye hivyo kwa wilaya kama Chunya. Kugawa kwa eneo kunadhani watu wametandazwa sawasawa kama unga kwenye ungo, ilhali wamejikusanya kwenye miji ya machimbo kama Makongolosi na kuacha pori kubwa.

Shuka kwenye kata badala yake. Chukua mkoa wa Geita. Kuijenga Geita ya leo kwa takwimu za 2002 unahitaji wilaya ya Geita kutoka Mwanza na Bukombe kutoka Shinyanga. Hizo ni rahisi. Kisha unakutana na Chato, ambayo mwaka 2002 haikuwepo. Kata zake zilikuwa ndani ya Biharamulo, mkoani Kagera. Jedwali la wilaya halikupi Chato kwa njia yoyote. Jedwali la kata linakupa: unazichambua kata za Biharamulo mojamoja, zipi zimekwenda Chato na zipi zimebaki, unajumlisha. Halafu unahakiki: kata ulizotoa jumlisha kata zilizobaki lazima zifike jumla ya Biharamulo bila kupungua mtu hata mmoja. Isipofika, kuna kata umeisahau au umeihesabu mara mbili.

Hapa nikiri jambo ambalo miongozo hulipita kimyakimya. Kata nazo hugawanywa. Jina la kata mama hubaki kwenye kipande kimoja, na mara nyingine mpaka husogezwa kidogo bila kata mpya kuzaliwa. Mpaka wa kisheria umo kwenye Tangazo la Serikali, tena kwa maneno: kutoka daraja fulani kufuata mto hadi barabara. Mpaka wa faili la sensa ulichorwa ili karani ajue aishie wapi. Hizo mbili hukaribiana, lakini hazilingani kila mahali. Kwa sensa za zamani, ambazo ramani za maeneo ya kuhesabia zilikuwa michoro ya mkono, mimi siamini mstari wa kata kwa usahihi wa chini ya kilomita moja, hata kama faili linaonyesha desimali sita.

Majina yana vita vyake. Nyang'hwale, Wanging'ombe, Hanang': king'ong'o kwenye jedwali moja ni alama iliyonyooka, kwenye jingine imepinda, na kompyuta inaona maneno mawili tofauti. Zibadilishe zote ziwe alama moja kabla ya kuunganisha. Bukoba kuna Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya. Jedwali moja likiandika Bukoba Mjini na jingine Bukoba MC (Halmashauri ya Manispaa), andika mwenyewe safu ya namba, usiiachie programu ikisie. Excel nayo hula sifuri ya mwanzo: 01 ya Dodoma inakuwa 1, na haiungani tena. Ingiza safu hiyo kama maandishi. Ilala ya 2022 inaweza kuandikwa Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo ukitafuta kwa jina utavuta mkoa mzima.

Ripoti za zamani ni PDF za kurasa zilizopigwa picha. Programu ya kusoma herufi huchanganya 3 na 8, 1 na 7. Wanaume jumlisha wanawake iwe sawa na jumla, kila mstari. Sensa ya 2002 ina jumla mbili zinazozunguka: 34,569,232 na 34,443,603. Dar es Salaam nayo ina 2,497,940 na 2,487,288. Shika familia moja ya namba mwanzo hadi mwisho. Wilaya za chapisho moja juu ya jumla ya chapisho jingine hazitafunga kamwe.

Msongamano wa watu kwa eneo: ondoa maji. Watu wa Ukerewe wakigawanywa kwa eneo la poligoni inayoingia Ziwa Victoria, wilaya itaonekana tupu. Na usipime eneo kwa digrii, wala kwa ukanda mmoja wa UTM (mfumo wa kupima kwa mita unaoigawa dunia kwa kanda) nchi nzima, kwa kuwa Tanzania imo kwenye kanda 35, 36 na 37. Tumia makadirio ya ramani (projection, njia ya kulaza dunia kwenye ramani bapa) yanayotunza eneo. Faili la zamani lisilo na .prj (faili dogo linalotaja mfumo wa vipimo vya ramani) likikaa kama mita 300 pembeni ya mengine, jaribu Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo, kabla ya kuanza kulivuta kwa mkono.

Jedwali lako la ulinganisho liwe na safu tano: namba ya 2002, namba ya 2012, namba ya 2022, namba ya eneo ulilounganisha, na sababu ya kuunganisha. Ya tano ndiyo watu huiruka, na ndiyo nitakayoiomba kwanza ukiniletea ramani yenye Kinondoni nyekundu.