Mbona alizaliwa mzima? Njia ndefu ya dawa ya selimundu

Swali ninaloulizwa sana na akina mama kliniki hapa Kisumu ni hili: "Daktari, mtoto alizaliwa mzima, mbona sasa vidole vimevimba?" Dawa ninayowaandikia kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, ilitokana na swali hilohilo.

Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, aliona kuwa vichanga wenye selimundu wana chembe chache mno zilizopinda. Akakisia kwamba wanakingwa na hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) waliyotoka nayo tumboni. Ndivyo ilivyo. Hemoglobini hiyo haigandamani oksijeni inapopungua, basi chembe nyekundu hupita kwenye mishipa midogo bila kukwama. Miezi inavyosonga mwili huizima na kuwasha ya ukubwani, ambayo kwa wenye selimundu hugandamana, na hapo viganja na nyayo huanza kuvimba.

Kazi ikawa kuiwasha upya ile ya utotoni. Haidroksiyurea, ndiyo dawa ninayoiandika, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikaja kutumika kutibu saratani ya damu. Miaka ya 1980 ikaonekana inapandisha hemoglobini ya utotoni, na mwaka 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa selimundu. (Neno "saratani" limo kwenye karatasi ya pakiti. Mimi humwambia mama mapema, asije akashtukia nyumbani.)

Kwetu hofu ilikuwa malaria: dawa inayoshusha chembe nyeupe, askari wa mwili, si itawamaliza watoto wa kanda ya ziwa? Jibu lilitoka Kilifi, Kinshasa, Luanda na Mbale, ng'ambo tu ya Mlima Elgon, katika utafiti wa watoto 606 uliochapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua.

Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima hemoglobini ya utotoni. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba ya kukata swichi yake ndani ya seli za damu za mgonjwa. Bei Marekani: dola milioni 2.2.

Naipigia makofi, lakini kinachonisumbua ni kapsuli ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 10 huanza na takribani miligramu 200 kwa siku, kwa hiyo mfamasia huifungua, akaichanganya na maji, akampimia mama kwa bomba la sindano. Kisha kuna kupima damu mara kwa mara, na nauli ya kutoka Muhoroni. Vidonge vya miligramu 100 vinatengenezwa. Nipeni hivyo kwanza, hiyo mikasi ya jeni itanikuta kazini.