Kioo cha simu si taa: LCD maana yake nini

Meza ya fundi simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, utaitambua kwa mbali. Taa imebanwa pembeni, mswaki uliostaafu kusugua meno umelala kando ya kichupa cha spiriti, na kuna rundo la simu zilizopasuliwa matumbo. Mwezi uliopita nilikaa kwenye kibenchi cha meza kama hiyo nikisubiri simu yangu ibadilishwe soketi ya chaji. Akaja mama mmoja, simu yake ina doa jeusi linalotambaa kutoka pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii, wino umemwagika."

Fundi akaigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya doa. Picha zikasogea vizuri tu chini ya weusi. "Si wino huu, mama. Tachi yako nzima. Iliyokufa ni elsidii."

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba nzima ila imeungua. Simlaumu. Wengi wetu tunaita kitu kizima "kioo", lakini pale mbele ya simu vimekaa vitu vitatu au zaidi, kimoja juu ya kingine. Cha juu kabisa ni kioo kweli, cha kukinga. Chini yake ni tachi, inayohisi kidole. Chini zaidi ndiyo elsidii yenyewe, yaani LCD (kifupi cha Kiingereza, liquid crystal display), ambayo vitabuni utaikuta kama kiwambo au skrini ya fuwele-kimiminika. Katika simu nyingi za sasa vyote vimegandishwa pamoja, ndiyo maana mtu huvunja cha juu akaambiwa alipie vyote.

Jina hilo la fuwele-kimiminika linagongana lenyewe. Fuwele ni kama punje ya chumvi: chembe zake zimejipanga safu kwa safu, hazihami. Kimiminika ni kama mafuta ya kula: chembe zinateleza ovyo. Kitu kimoja kinakuwaje vyote viwili? Swali hilo lilimsumbua Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, mwaka 1888. Alikuwa akipasha moto kemikali inayohusiana na kolesteroli. Ilipofika nyuzi 145.5 za Selsiasi ikayeyuka, lakini ikawa ukungu kama maji ya mchele. Akaendelea kupasha. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka, ikawa angavu. Kitu kimeyeyuka mara mbili! Akamwandikia mwanafizikia Mjerumani, Otto Lehmann, na ndiye aliyekuja kuthibitisha kwamba katikati ya yale majoto mawili kuna hali ya tatu: kitu kinatiririka, lakini chembe zake, ambazo ni ndefu kama njiti za kiberiti, bado zinaelekea upande mmoja.

Ikapita karibu miaka 80 bila mtu kuona kazi yake ya maana.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Tazama dirisha la nyumba yoyote ya Dar lenye nondo za kusimama. Ukitaka kupitisha rula katikati ya nondo, lazima rula isimame wima. Ikilala, inakwama. Mwanga nao hutikisika kwa mielekeo mbalimbali, na kuna plastiki nyembamba, mafundi wanaiita polaraiza, ambayo hufanya kama zile nondo: hupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja na kuzuia mwingine. Weka dirisha la pili nyuma ya la kwanza, safari hii nondo zimelala. Hakuna rula itakayovuka yote mawili. Giza.

Katikati ya madirisha hayo mawili ndipo fuwele-kimiminika inapokaa, katika mwanya mwembamba: gawa milimita moja mara elfu, uchukue vipande vinne au vitano tu. Njiti zake zimepangwa kama ngazi ya mnara wa msikiti, kila moja imegeuka kidogo kuliko ya chini yake, mpaka ya mwisho imezunguka robo ya duara. Mwanga ukipita humo unazungushwa pamoja nazo. Umeingia wima, unatoka umelala, unapenya dirisha la pili. Weupe. Ukizipa njiti umeme kidogo, volti chache tu, zinainuka na kuacha kujisokota. Mwanga haugeuzwi tena, unagonga nondo. Weusi. Mpangilio huu ni wa Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, walioombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kule Uswisi Desemba 1970, na James Fergason naye akaufikia Marekani karibu wakati huohuo.

Hapo ndipo doa la yule mama linapoeleweka. Elsidii haina wino hata tone. Ikipasuka, hewa inaingia kwenye ule mwanya na mpangilio wa njiti unavurugika, kwa hiyo hakuna wa kuuzungusha mwanga. Unaishia kwenye nondo za pili.

Na hapo pia ndipo penye jambo ambalo ningependa msomaji aondoke nalo: LCD haitoi mwanga. Ni mlinzi wa geti. Kazi yake ni kuamua nani apite na nani arudi, na mlinzi wa namna hiyo anakula umeme kidogo mno. Mwaka 1973 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa kalkuleta ya mfukoni, EL-805, yenye kioo cha LCD. Kalkuleta ya muuza vitenge leo bado inafuata msingi uleule: hakuna taa ndani, mwanga wa dukani unaingia kwa mbele, unagonga bati la kurudisha mwanga, unatoka. Kitochi cha zamani nacho, kikiwa juani, kilifanya hivyohivyo. Ndiyo maana kilisomeka vizuri kwenye jua kali la feri ya Kigamboni, tena jua lilivyozidi ndivyo maandishi yalivyokolea, huku betri ikienda siku nyingi bila kuguswa.

Matatizo yalianza tulipotaka rangi.

Rangi inataka kila nukta ya picha igawanywe milango mitatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Sasa fanya hesabu ya mwanga kama mtu anayehesabu nauli. Taa ya nyuma, ile iliyowekwa chini ya elsidii, imetoa 100. Polaraiza ya kwanza inachukua zaidi ya nusu. Kichujio cha rangi kinachukua theluthi mbili za kilichobaki, kwa sababu mlango mwekundu lazima uzuie kijani na bluu. Nyaya na transista, yaani swichi ndogo ndogo za umeme, nazo zimekaa njiani zinakula chao. Kinachofika machoni pako ni chini ya 10. Yaani simu yenye LCD ya rangi inawasha taa nzima, halafu inatupa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ndani kwa ndani. Ukilalamika kwamba betri haikai, sehemu kubwa ya kesi iko hapo.

Kwa hiyo anayebuni kioo cha simu anasumbuka na mambo yanayopingana. Kifaa ni kimoja, betri ni moja, lakini mwenyewe atakitumia kitandani saa sita za usiku, ofisini Posta, na juu ya bodaboda saa saba mchana. Ofisi yenye taa nzuri ina mwanga wa laksi kama 500. Jua la utosini hufika karibu 100,000, na sisi tuko nyuzi kama saba tu kusini mwa ikweta. Kioo cha matumizi mengi ni kile kinachoweza kubadilisha tabia kufuatana na mahali na kazi. Zilibuniwa njia kadhaa, na nyingine zimesahaulika isivyo haki.

Mojawapo ni kioo cha pande mbili: sehemu ya kila nukta ina kijisahani cha kurudisha mwanga, sehemu iliyobaki ina tundu la kupitisha taa ya nyuma. Gizani taa inafanya kazi, juani jua lenyewe linakuwa taa. Simu nyingi za rangi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa nacho. Kasoro yake ni kwamba kila upande unapata nusu ya nafasi, rangi zinapauka, na dukani simu hiyo ikiwekwa kando ya nyingine inaonekana imechoka. Watu hununua kwa macho ya dukani. Leo utakikuta zaidi kwenye saa za michezo na vifaa vya kuonyesha njia, na mimi naona tulikiacha mapema.

Njia nyingine ni ya kuwasha kile kinachohitajika tu. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na nukta 84 kwa 48, jumla 4,032. Ungeipa kila nukta waya wake, simu ingekuwa furushi la nyaya. Badala yake kuna safu za kulala 48 na za kusimama 84, nyaya 132 basi, na chipu huzipitia safu moja moja haraka kuliko jicho linavyoweza kugundua. Wabunifu wa baadaye wakatumia mbinu hiyohiyo: simu ikitulia, chipu inahudumia safu chache tu zenye saa na alama ya mtandao, nyingine zinaachwa zilale. Kwenye vioo vya rangi kuna hata hali ya kupumzika ambamo kila mlango ama umefunguka wote ama umefungwa wote, bila katikati. Milango mitatu, hali mbili, rangi nane. Zinatosha kusoma saa.

Ila mtindo wa kupitia safu una kikomo chake. Ni kama mtu mmoja anayemimina chai kwenye shughuli. Watu 48 anawamudu. Wakifika mia kadhaa, akirudi kwa wa kwanza kikombe kimeshapoa, na picha ndivyo inavyofifia. Dawa yake ikawa TFT: kila mlango unapewa transista yake na kapasita yake ya kutunza umeme mpaka zamu irudi, yaani kila mgeni anawekewa chupa yake ya chai. Kioo cha leo cha nukta 1080 kwa 2400 kina milango 7,776,000, kila mmoja na transista yake. Ukikiangusha, kumbuka hesabu hiyo.

Pembe ya kutazama ilikuwa kero nyingine. Ule mpangilio wa ngazi ukiutazama kutoka upande, rangi hugeuka, sura ya mtu ikawa kama negativu ya picha. Hitachi walipoleta IPS katika miaka ya 1990, njiti zikawa zinazunguka huku zimelala badala ya kuinuka, na picha ikabaki ileile hata kutoka pembeni. Maendeleo mazuri, ingawa tangu hapo jirani yako kwenye daladala anasoma meseji zako bila shida yoyote.

Joto nalo. Moja ya kemikali zilizofanya vioo hivi viwezekane ilitengenezwa na timu ya George Gray, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kemikali hiyo, peke yake, hubaki katika ile hali ya tatu kuanzia nyuzi kama 24 hadi 35. Hata kwa Hull isingetosha, maana kwenye baridi ingeganda. Kwa Dar ya Februari, simu ikiwa mfukoni mwa suruali, tungekuwa na vioo vyeusi kila mchana. Ndiyo maana hakuna kioo kinachojazwa kemikali moja. Huchanganywa kadhaa, na mchanganyiko wa aina nne uliokuja baadaye ukavumilia hadi nyuzi 60 hivi. Hata hivyo, simu iliyosahauliwa juu ya dashibodi juani inaweza kufikishwa mpaka huko. Kioo kikigeuka cheusi, kiweke kivulini, usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi njiti zikipoa hujipanga upya zenyewe.

Kuna vioo ambavyo si LCD kabisa, vya OLED, ambamo kila nukta ni taa yake mwenyewe na weusi ni taa iliyozimwa. Ukibadilishiwa kimoja cha hivyo ukawekewa kopi ya LCD, mchana hutajua. Usiku zima taa za chumbani, fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho. LCD itang'aa kijivu kidogo, maana mlinzi wa geti hawezi kuziba mwanga wote. OLED itapotea gizani usione hata kingo.

Yule mama hakuondoka. Fundi alipomaliza kuibandua elsidii kutoka kwenye taa yake ya nyuma, akaiunganisha taa peke yake. Ikawaka, nyeupe pe, kama karatasi, doa hakuna.

"Kumbe hii nzima!"

"Hii haina shida, mama. Kilichokufa ni hiki," akasema, akinyanyua kipande cha kioo chepesi kilichopasuka pembeni, cheusi robo tatu.

Mama akakishika, akakielekeza juani, akakizungusha taratibu kama anayekagua noti. Kisha akauliza orijino ni shilingi ngapi na kopi ni shilingi ngapi.