Je, wajua? Kimpira kinachodondosha petroli chini ya kabureta hakijaharibika

Pikipiki imezimwa na kuegeshwa kijiweni Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, lakini petroli inadondoka chini ya injini, tone baada ya tone, kutoka kwenye kimpira chembamba kinachoning'inia karibu na stendi. Kwa nini kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, imwage mafuta wakati hakuna anayeyatumia? Jibu la haraka kijiweni ni kwamba kabureta imetoboka. Dawa ya haraka zaidi ni kukiziba kimpira kwa kijiti, au kukikunja na kukifunga waya. Jibu hilo si sahihi, na dawa hiyo inaweza kuharibu injini. Kimpira hicho kiliwekwa kiwandani ili kimwage.

Katika pikipiki ndogo za kabureta mafuta hushuka kutoka tangini kwa uzito wake, bila pampu, na kukusanyika kwenye bakuli la chini ya kabureta. Mwenye simtanki nyumbani anaujua mtambo uliomo humo bila kufundishwa. Maji yakijaa, boya hupanda, mkono wake husukuma valvu, bomba linafunga. Valvu ikishindwa kufunga, maji hutokea kwenye bomba la kumwagia lililo karibu na ukingo wa juu, na ukuta unalowa. Hakuna mwenye nyumba anayepanda kwenda kuziba bomba la kumwagia, maana anajua maji yatapita kwenye mfuniko. Anatengeneza valvu.

Kwenye kabureta, bomba la kumwagia ni kibomba cha shaba kilichosimama wima ndani ya bakuli. Mdomo wake uko juu kidogo ya kina cha kawaida cha petroli, na kile kimpira kimechomekwa upande wake wa chini. Valvu yenyewe ni sindano fupi, mara nyingi yenye ncha ya mpira, inayoziba tundu la kuingizia mafuta boya linapoisukuma. Ukienda duka la spea taja sindano ya boya, usije ukapewa ile ndefu ya sileidi inayopanda na kushuka unapovuta mafuta.

Kinachoshangaza ni udogo wa nguvu zinazopigana humo. Tundu lenye kipenyo cha milimita 2, likiwa na petroli iliyosimama sentimita 30 juu yake, linasukumwa kwa mzigo usiofika gramu 1. Boya la plastiki linaushinda mzigo huo bila taabu, ila halina ubavu wa kuponda chembe ya mchanga au gamba la kutu. Kichembe kisichoonekana vizuri kwa macho kinaacha mwanya, na mwanya wa tone moja kila sekunde unaweza kumwaga zaidi ya nusu lita hadi asubuhi. Ndiyo maana kabureta huvuja leo na kesho ikanyamaza yenyewe, na ndiyo maana kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine hutibu. Ikirudia siku hiyohiyo, achana na kugonga.

Ukiziba kimpira, petroli inaendelea kupanda. Inapita kwenye jeti kuu, yaani kitundu kinachopimia petroli, inaingia kwenye koo la kabureta, na kutoka hapo ina njia mbili: kurudi kwenye ea klina, au kwenda kwenye injini. Itakwenda wapi inategemea mlalo wa pikipiki na kama valvu ya kuingizia imesimama wazi. Ikiingia kwenye silinda inapenya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini nyingi za ukubwa huu hubeba takriban lita 1 tu ya oili, kwa hiyo petroli kidogo inatosha kuifanya nyepesi kama maji. Chomoa kijiti cha kupimia: kina kikiwa kimepita alama ya juu, au kijiti kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya kuwasha. Na kiki ikigoma kushuka, usiisimamie kwa nguvu. Petroli iliyojaa juu ya pistoni haibonyei, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zima swichi, toa plagi, piga kiki taratibu mbali na moto wowote, jiko la muuza chipsi likiwemo.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta mvujo unatokea wapi hasa. Ukitoka kwenye maungio ya bakuli, tatizo ni gasketi au skrubu zilizolegea. Ukitoka juu, ni mpira wa mafuta au koki, bomba dogo la kufungia petroli chini ya tangi. Ukitoka kwenye kimpira, kuna kipimo kizuri kisichohitaji mashine. Kwenye kabureta nyingi skrubu ya kumwagia bakuli hutumia njia hiyohiyo, kwa hiyo chomeka mpira unaoonyesha ndani, uinue juu ubavuni mwa bakuli, fungua koki, kisha legeza skrubu hiyo. Petroli itasimama kwenye mpira sawa na ilivyo ndani. Ikizidi kupanda kupita maungio, sindano haifungi. Ikitulia milimita chache chini ya maungio, na bado kimpira kinadondosha ukikirudisha na kukaza skrubu, basi kibomba cha shaba kina ufa au oringi ya skrubu imechoka. Sindano mpya haitasaidia hapo.

Kama ni sindano, funga koki, mwaga bakuli kwenye chombo, toa kabureta na ufungue bakuli kwa bisibisi inayoshika vichwa sawasawa, maana skrubu hizi hulika upesi. Sukuma pini ya boya kwa upole, kwa sababu nguzo zake huvunjika. Tikisa boya sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka na linazama. Itazame ncha ya sindano kwenye mwanga: ikiwa na mfereji wa duara, ibadilishe. Kiti chake, yaani tundu inaloliziba, kisafishe kwa pamba ya masikio iliyolowa petroli, ukiizungusha. Usitumie msasa wala waya. Kwenye kabureta nyingi za bei nafuu kiti hakitoki, kikiharibika unanunua kabureta nzima.

Ukirudisha, geuza kabureta juu chini na upulize kidogo kwenye njia ya mafuta. Hewa isipite, na ukiinua boya ipite. Maungio ya bakuli usiyapake silikoni: petroli huivimbisha, vipande vyake hukatika na kwenda kuziba jeti. Petroli ya chupa ya barabara za Misungwi hulaumiwa sana kwa uchafu, lakini kutu ya tangi la zamani huleta uchafu uleule, hivyo mulika tangini kwanza, halafu weka chujio jipya.

Kuna kesi moja isiyo ya ubovu, na Mwanza ya miinuko inaizalisha kwa wingi. Pikipiki ikilazwa kwa stendi ya pembeni kwenye mteremko wa Mabatini au Isamilo, bakuli huinama na petroli huufikia mdomo wa kibomba hata kama sindano ni nzima. Isimamishe kwa stendi ya kati mahali tambarare, koki ikiwa wazi, usubiri dakika 5. Kimpira kikikauka, usifungue skrubu hata moja.