Pasipoti Haianzii Dirishani: Yanayosemwa Kijijini na Yalivyo

Kijijini mtu akitaka pasipoti, hafiki ofisini kabla hajapita kwa washauri kumi. Yupo aliyewahi kusafiri mara moja, yupo ambaye shemeji yake anaishi mjini, na yupo asiyejua lolote ila ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Nimewajazia majirani fomu hizi kwa miaka kadhaa, na maneno ninayoyasikia ni yaleyale. Taratibu, ada na muda wa kusubiri hutofautiana nchi na nchi. Kitabu chenyewe, lakini, hufuata kanuni zinazofanana dunia nzima, zilizowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303. Ndiyo maana mengi ya haya maneno yana jibu la moja kwa moja.

"Kinachotukwamisha ni umbali"

Umbali unachosha, sikatai. Nauli inauma, na siku nzima ya shamba inapotea. Ila kwa kawaida safari ya ofisini ni moja au mbili: kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha kwenda kuchukua kitabu. Kinachomfanya mtu aende mara tano ni makaratasi yasiyoelewana.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi. Kitambulisho kinasema Mohamed. Cheti cha shule kinasema Muhammad, tena jina la babu limetangulia jina la baba. Kijiji kizima kinajua ni mtu yuleyule aliyekulia pale karibu na kisima. Karani aliye nyuma ya dirisha hajui kisima wala kijiji. Mbele yake kuna watu watatu, na amekatazwa kukisia.

Chanzo chake kinajulikana. Wengi vijijini walizaliwa nyumbani, na cheti kikaombwa miaka mingi baadaye, mtoto alipotakiwa shuleni. Mwandikishaji aliandika alivyosikia, na aliyekuwa akimtajia huenda hakuwa mzazi bali mjomba. Tarehe nayo ilikisiwa: "mwaka wa mafuriko, mahindi yakiwa yanakomaa." Hapo ndipo zinapotoka zile tarehe 1 Januari nyingi ajabu. Na mahali pa kuzaliwa panaweza kubadilika bila mtu kuhama, kwa sababu wilaya iligawanywa na kijiji kikaangukia upande wenye jina jipya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, mimi humwambia mtu alete kila karatasi aliyonayo, tunazitandaza mkekani na kusoma herufi kwa herufi. Jina la kwanza, la pili, la tatu, na mpangilio wake. Siku, mwezi, mwaka. Mahali. Kisha karatasi za wazazi, maana pale uraia unapopatikana kupitia wazazi, jina la baba kwenye cheti chako litalinganishwa na lililo kwenye cheti chake. Ikionekana tofauti, inarekebishwa kwenye ofisi ya vizazi, au inatolewa hati ya kiapo mbele ya anayetambuliwa kisheria, kulingana na nchi. Inachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Bado ni nafuu kuliko kuanza na ada ya pasipoti halafu ombi likasimama katikati.

Jambo moja usilifanye: kujichagulia tarehe mpya "inayopendeza" kwa ajili ya pasipoti tu. Tarehe hiyo itakufuata hadi kwenye pensheni, na siku moja itagongana na ya zamani.

"Jina langu wamelikosea, wameondoa kile kialama"

Hili huwatisha wenye majina yenye ng'. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi kubwa, iliyojaa vialama kama mishale, <<<. Ni mistari ya kusomwa na mashine. Kila mmoja una nafasi 44, na katika ule wa juu jina limetengewa nafasi 39. Mashine haijui kitone cha juu, kwa hiyo kinaondolewa na herufi zinaungana. Jina refu mno hukatwa, na kistari hugeuka kuwa mshale. Hilo si kosa, na jina lako halijabadilika. La kukagua ni maandishi ya juu, na ukague palepale dirishani kabla hujasaini kwamba umepokea. Herufi iliyoruka ukiigundua nyumbani, unarudi na kuanza kujieleza.

"Asiyejua kuandika hapewi"

Anapewa. Katika kanuni za ICAO, sehemu ya sahihi inaitwa sahihi *au alama ya kawaida* ya mwenye pasipoti. Bibi anayeweka dole gumba, au anayechora msalaba, ametimiza masharti. Anachohitaji ni mtu mwaminifu wa kumsomea fomu yote kwa sauti, na si kumwonyesha tu pa kuweka dole.

"Vidole vyangu vimekwisha, mashine itanikataa"

Hofu hii ina msingi. Jembe, matofali, saruji na kamba hulainisha mistari ya vidole hadi mashine ikaona ngozi tupu. Lakini alama ambayo ICAO imeilazimisha iwemo kwenye pasipoti za kielektroniki ni sura ya mtu. Vidole na mboni ni hiari ya nchi, na hata nchi inayovitaka huwa na utaratibu kwa wale ambao vidole vyao havisomeki: wanajaribiwa vingine, au inaandikwa kwamba havikupatikana. Pumzisha mikono siku chache kabla ya miadi, paka mafuta kila usiku, na siku yenyewe nawa uikaushe. Nimeona mzee akikwama kwenye vidole vya mkono wa kulia, ule wa jembe, halafu wa kushoto ukakubali mara ya kwanza.

"Picha ni picha"

Kijana mmoja alipigwa mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Ukiitazama picha, mikunjo ya shuka ilionekana, sikio limeangusha kivuli, na mpiga picha, kwa ukarimu wake, alikuwa ameung'arisha uso kwa programu ya simu mpaka kovu la shavuni likafutika. Kijana alitoka mtanashati. Picha ilikataliwa.

Masharti ya picha yanaonekana ya ukaidi mpaka ukumbuke kwamba atakayeitazama mpakani ni mashine inayopima nafasi kati ya macho, pua na mdomo. Ukicheka, mdomo unapanuka na macho yanafumba kidogo. Ndiyo maana inatakiwa mdomo uliofungwa, macho wazi, mwanga sawa pande zote, nyuma pasiwe na kitu. Kilemba au hijabu ya dini nchi nyingi zinairuhusu, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni hadi kwenye paji. Kovu liache lilipo; ni shahidi wako.

"Kuhuisha ni kugongewa muhuri tu"

Zamani zilikuwepo nchi zilizoongeza miaka kwa muhuri kwenye kitabu kilekile. Leo tarehe ya mwisho imo ndani ya ile mistari ya mashine, na pembeni yake kuna tarakimu ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na tarehe yenyewe. Muhuri hauwezi kuibadilisha. Nchi wanachama wa ICAO zilipewa hadi tarehe 24 Novemba 2015 kuhakikisha pasipoti zisizosomeka kwa mashine zimekwisha muda. Kwa hiyo unachopewa ni kitabu kipya, na mara nyingi chenye namba mpya. Kama tiketi au kibali kilikatwa kwa namba ya zamani, wahusika waambiwe.

Wala usidhani kitabu cha zamani kinafaa kuhuishwa hata kikikaa sandukuni miaka mingapi. Marekani, kwa mfano, mtu mzima anaweza kuhuisha kwa posta iwapo kitabu chake kilitolewa ndani ya miaka 15 iliyopita, akiwa ameshatimiza miaka 16. Nje ya hapo anaanza kama mwombaji mpya na anafika mwenyewe. Nchi yako inaweza kuwa na mpaka wake. Uliza.

Kitabu cha zamani kipeleke. Kwa kawaida hutobolewa au kukatwa kona, kisha unarudishiwa. Usikitupe kama kina viza hai. Marekani huikubali viza iliyo ndani ya pasipoti iliyokwisha muda ukiibeba pamoja na mpya. Nchi nyingine hazikubali, na mwenye jibu ni ubalozi wao.

"Tarehe haijafika, kwa hiyo naweza kusafiri"

Pengine. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi sita mbele. Nchi za Schengen huko Ulaya hutaka angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kuondoka kwao, na kitabu kiwe kimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Atakayekurudisha si ofisa wa huko. Ni mfanyakazi wa shirika la ndege, palepale unapokabidhi begi.

"Mtoto ataandikwa kwenye yangu"

Imeshapita. Kanuni ya sasa ni kila mtu na kitabu chake, hata kichanga.

"Pasipoti mpya inaonyesha ulipo"

Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Malaysia ndiyo iliyotangulia kuitoa mwaka 1998, ina chipu ndogo. Utaitambua kwa alama ya mstatili wenye duara katikati kwenye jalada. Chipu hiyo haina betri. Imelala muda wote, na huamka tu inapowekwa sentimita chache kutoka kwenye kisomeo. Hata hapo, kwa kawaida kisomeo lazima kwanza kisome namba, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho kwenye ile mistari miwili; hizo ndizo ufunguo wake. Ndani kuna picha na maelezo yaleyale unayoyaona, pamoja na sahihi ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Simu uliyobeba mfukoni inajua safari zako kuliko kitabu hicho.

Cha kuhofia ni maji na meno. Nyumba inayovuja, panya, mchwa, na mtoto mwenye kalamu wameua pasipoti nyingi. Kurasa zikichanika au maandishi yakififia, kitabu kinahesabiwa kimeharibika hata kama tarehe bado. Kikilowa, usikipige pasi wala kukianika juu ya bati la moto. Mfuko wa plastiki unaofunga vizuri unatosha.

"Ilipotea, nikaiona, basi naendelea nayo"

Ukishatoa taarifa ya kupotea, usiiguse tena kwa safari. Nchi hupeleka namba za pasipoti zilizopotea na zilizoibwa kwenye kanzidata ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 2002, na mipakani hukaguliwa. Utakayeshikwa nayo ni wewe mwenyewe, na utaanza kueleza habari ya kuiona chini ya godoro katika lugha usiyoijua. Irudishe, omba nyingine.

"Bila kishoka haitoki"

Kishoka, yaani dalali asiye rasmi, hana ufunguo wowote wa ndani. Nchi zenye huduma ya haraka huitangaza, na ada yake hulipwa serikalini kwa risiti. Zaidi ya hapo unanunua maneno.

Lakini kijijini kuna kishoka wa aina nyingine, asiyejijua. Ni yule kijana mwenye kompyuta anayekujazia fomu ya mtandaoni, na kwa kuwa huna barua pepe, anaweka yake. Ujumbe wa miadi unaenda kwake. Ombi la kuongeza karatasi linaenda kwake. Naye amehamia mjini, au amebadilisha laini. Nimewaona watu wakisubiri miezi, wakilaumu ofisi, na jibu limelala kwenye simu ya mtu. Fungua barua pepe yako mwenyewe, nywila iandike kwenye daftari la nyumbani, na uondoke na namba ya ombi mkononi. Vyeti halisi havilali kwa mtu. Vinaonyeshwa, vinatolewa nakala, vinarudi na mwenyewe.

"Wakala wa kazi au mwajiri ndiye anayeitunza"

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Anakuja mtu kijijini na habari za kazi za nyumbani ng'ambo, anawalipia mabinti pasipoti, na kitabu kikitoka anakiweka kwenye mkoba wake. Wakifika huko, kinahamia kwenye kabati la mwajiri. Wazazi huona ni ulinzi: mtoto asije akaipoteza. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeorodhesha dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na kushikilia hati za utambulisho ni mojawapo. Aliyelipa ada hawi mwenye pasipoti. Hata wewe, kisheria, katika nchi nyingi kitabu ni mali ya serikali iliyokitoa, nawe umekabidhiwa kukitumia. Mwajiri hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Binti anayeondoka aache nyumbani nakala ya ukurasa wa picha, namba ikisomeka vizuri, na nyingine aibebe mbali na kitabu. Ubalozi wa nchi yake unaweza kumpa hati ya dharura ya kurudia nyumbani hata akiwa hana kitabu, na nakala aliyobaki nayo mama ikiwafikia, kumthibitisha kunakuwa rahisi zaidi.