Namba ya Ford Model T Iko Kwenye Injini: Isome Kabla Hujagusa Kitu

Tangu theluji iyeyuke mwaka huu, meza yangu imejaa barua za aina moja. Mtu amenunua Ford Model T, gari la kale lililoundwa kati ya 1908 na 1927, mnadani, amelilipia, amekwenda kulisajili, na ofisi ya magari ya jimbo imemrudishia makaratasi kwa sababu namba ya kwenye hati ya umiliki hailingani na iliyogongwa kwenye injini. Wengine wanaandika wakiwa wameshapuliza rangi. Wachache, nasikitika kusema, wameshaisaga namba yenyewe.

Mimi ni mhifadhi katika makumbusho ya magari hapa Michigan. Kazi yangu ni kulitambua gari: la mwaka gani, kipi kilitoka nacho kiwandani na kipi kilipachikwa baadaye. Makumbusho hayatoi ushauri wa kisheria wala hayakadirii bei, na maelezo haya yasichukuliwe kuwa hivyo. Nawaandikia wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Canada, pamoja na mnaotuma picha kutoka nyumbani, kwa sababu mengi ya malalamiko haya yangeepukika kwa dakika kumi za kuangalia.

Chanzo cha matatizo ni imani kwamba Model T ni gari moja lililotengenezwa bila kubadilika toka mwanzo hadi mwisho. Si kweli, na nimelieleza hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Magari yaliyoundwa Detroit, kwenye kiwanda cha Piquette mwishoni mwa 1908, yalikuwa na pampu ya maji. Baada ya magari kama 2,500 pampu iliondolewa, maji yakaachwa yazunguke yenyewe: ya moto yanapanda kwenye rediata, yaliyopoa yanashuka. Mia kadhaa za kwanza zilikuwa na pedali mbili na leva mbili. Baadaye ndipo ukaja mpangilio unaojulikana: pedali ya kushoto kwa gia mbili za mbele, ya katikati rivasi, ya kulia breki. Mafuta huongezwa kwa leva ya mkono wa kulia chini ya usukani, na leva ya kushoto ni ya kuwahisha au kuchelewesha cheche. Icheleweshe cheche kabla ya kupiga hendeli ya kuwashia injini, la sivyo hendeli itarudi kwa nguvu na kukuvunja mkono.

Rediata ya shaba ya njano ilidumu hadi modeli ya 1916. Modeli ya 1917 ilikuja na ganda jeusi la rediata, boneti ndefu kidogo na madigadi ya mviringo. Taa kubwa za mbele ziliwaka kwa gesi ya kabidi hadi 1915, umeme wa magineto (kizalishi cha umeme kilicho ndani ya injini) ulipochukua nafasi. Stata ya umeme ilifika 1919. Modeli ya 1926 ilishushwa chini, na magurudumu ya spoku za waya yakaanza kupatikana. Injini ndiyo haikuguswa sana: silinda nne kwenye bloku moja, kichwa kinachofunguka, lita 2.9, nguvu farasi 20. Mhandisi kutoka Hungaria, Joseph Galamb, alikuwa na mkono mkubwa katika michoro yake, na chuma cha vanadiamu kililifanya gari liwe jepesi bila kuwa dhaifu.

Sasa rangi. Karibu kila anayekuja kwetu ananirudishia kauli ya Henry Ford kwamba mteja achague rangi yoyote mradi iwe nyeusi. Nyeusi peke yake ilikuwa ya 1914 hadi 1925. Kabla yake kulikuwa na kijivu, nyekundu, kijani na buluu, na rangi zilirudi kwa modeli za 1926. Mwaka jana familia moja ilituletea runabout (gari la wazi la viti viwili) ya 1911, nyeusi tupu. Fundi wao alikuwa ameshapiga mchanga madigadi na boneti hadi chuma cheupe ili apake nyeusi mpya. Nilipoinua kiti na kufungua bano moja lililokuwa halijawahi kufunguliwa, chini yake palikuwa na doa la ukubwa wa kucha ya kidole gumba: buluu iliyokoza karibu kuwa weusi, na mstari mwembamba wa mapambo pembeni. Hiyo ndiyo rangi iliyotoka nayo kiwandani. Sehemu nyingine zote ilikuwa imekwenda na mchanga. Hakuna chupa ya rangi dukani inayoweza kuirudisha.

Mabadiliko hayo yote yalikuwa na sababu. Mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Highland Park, kazi ilianza kupita mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuifuata. Kuunganisha chasisi moja kulikuwa kunachukua zaidi ya saa 12. Mwaka 1914 kulichukua saa moja na dakika 33. Gari lililoanza kwa dola 850 lilishuka hadi dola 260 kwa runabout katikati ya miaka ya 1920. Kila kilichoweza kurahisishwa kilirahisishwa, na ndiyo maana spea za mwaka mmoja mara nyingi huingia kwenye gari la mwaka mwingine bila shida. Wakulima na mafundi wa kijijini walizibadilisha kwa miaka mingi. Ford wenyewe waliendelea kutengeneza injini hii hadi Agosti 1941, miaka 14 baada ya gari lenyewe kusimama. Kwa hiyo injini tofauti kwenye gari lako si lazima iwe ya wizi. Ila lazima ujue.

Namba imegongwa kwenye kitako kidogo bapa, upande wa kushoto wa bloku, juu ya mahali maji yanapoingilia. Shika tarehe tatu: namba 1,000,000 ni ya Desemba 1915, namba 10,000,000 ni ya Juni 1924, na 15,000,000 ni ya tarehe 26 Mei 1927. Maana yake, injini yenye tarakimu nane haiwezi kuwa ya kabla ya Juni 1924. Nimeletewa gari lenye rediata ya shaba, taa za gesi na hati inayosema 1912, injini ina namba ya milioni 11. Mnunuzi alikuwa amelipa bei ya 1912. Tarakimu zenyewe zingemwambia ukweli pale pale uwanjani. Angalia pia tarehe iliyojitokeza kwenye chuma cha bloku, kwa mfano 3-14-23, yaani mwezi, siku, mwaka. Ikiwa ni ya baadaye kuliko namba, usikimbilie kusema umetapeliwa: wakala aliyefunga bloku mpya alitakiwa kugonga juu yake namba ya injini ya zamani.

Namba zikipishana na hati, utaratibu ni huu. Usiguse kitu. Piga picha namba, tarehe ya bloku na hati. Peleka kwenye ofisi ya magari ya jimbo lako pamoja na risiti ya mauzo, na uombe ukaguzi. Katika majimbo mengi afisa wa polisi au mkaguzi atalitazama gari, kisha hati itarekebishwa au utapewa namba mpya ya jimbo. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi.

Kufuta, kusaga au kubadilisha namba ya utambulisho wa gari kwa kujua ni kosa chini ya kifungu cha 511 cha juzuu ya 18 ya sheria za shirikisho. Adhabu ni faini, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kununua au kushikilia gari la namna hiyo kwa nia ya kuliuza, huku ukijua namba imechezewa, ni hadi miaka 10 chini ya kifungu cha 2321. Matengenezo halali yana nafuu yake kisheria, lakini mtu anayegonga tarakimu mpya gereji ili zifanane na karatasi hafanyi matengenezo. Tafadhali msinitumie tena swali la kama "inaruhusiwa kidogo".

Kwa wanaotaka kutuzawadia gari: makadirio ya thamani mnatafuta wenyewe. Thamani unayodai kwenye kodi ikizidi dola 5,000 utahitaji mkadiriaji anayekubalika kisheria, makadirio yasiyofanywa mapema kuliko siku 60 kabla ya zawadi, na fomu 8283 ya idara ya kodi ya Marekani yenye saini yake na yetu. Saini yetu inathibitisha tumepokea gari, haithibitishi bei. Fomu 1098-C, ya kuthibitisha zawadi ya gari, tunaitoa ndani ya siku 30. Ukikuza thamani hadi asilimia 150 ya ile halisi, adhabu ni asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Ikifika asilimia 200, adhabu ni asilimia 40.

Wa Afrika Mashariki, jambo lenu ni tofauti. Soko la makoloni ya Uingereza lilikuwa mikononi mwa Ford ya Canada, kwenye kiwanda cha ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Magari yake yana mfululizo wake wa namba, hivyo zile tarehe tatu hazitumiki. Usukani waweza kuwa kulia. Touring (gari la wazi la safu mbili za viti) ya Canada ina milango ya mbele inayofunguka pande zote mbili, wakati ya Marekani ya 1912 hadi 1925 upande wa kushoto mbele ina alama ya mlango tu iliyofinyangwa kwenye bati.

Kusoma namba hakuhitaji brashi ya waya wala msasa. Lowanisha kitambaa laini kwa mafuta ya taa, futa grisi taratibu, acha pakauke, kisha pitisha chaki ubavuni na umulike tochi kutoka pembeni. Ukikuta herufi C mbele ya tarakimu, usiikwangue ukidhani ni kutu. Ndiyo inayosema gari limetoka Canada.