Pshhh Haiongezi Farasi Hata Mmoja

Jumamosi iliyopita alikuja mteja wa nne mwezi huu. Kijana mpole, Subaru WRX ya 2004 aliyoinunua wiki mbili nyuma, bodi safi, rimu za dhahabu. Hajui oili ilibadilishwa lini. Hajui mkanda wa taimingi una umri gani. Lakini mkononi ana boksi, na ndani ya boksi mna dampu, valvu ya kumwaga nje hewa ya turbo, ya alumini inayong'aa kama kikombe cha ligi ya mtaani.

"Fundi, nifungie hii. Nataka turbo ianze kufanya kazi."

Nilihesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Turbo yake inafanya kazi, nimeisikia ikipiga mluzi alipokuwa akiingia getini. Anachotaka ni ile sauti ya pshhh. Ameaminishwa, kama watatu waliomtangulia, kwamba pshhh ndiyo turbo yenyewe, na kwamba gari linalotoa pshhh kubwa lina nguvu kubwa. Jambo hili nimelieleza miaka mingi, nikiwa chini ya gari, nikiwa juu ya injini, kwa simu saa tano za usiku. Leo naliandika, ili wa tano nimtumie hii asome, mimi nimalizie chai yangu.

Subaru hizi zenye injini za familia ya EJ zina karani mlangoni. Anaitwa sensa ya hewa, au eafulo, na anakaa baada tu ya sanduku la filta, kabla hewa haijaifikia turbo. Ndani yake mna kipande chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inaangalia umeme kiasi gani umehitajika kukirudishia joto. Hapo inajua gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde, na injekta zinaamriwa zitoe petroli ya kulingana. Mzunguko wote wa injini yako unategemea hesabu ya karani huyu. Akikosea yeye, wote wanakosea, tena kwa uaminifu kabisa.

Sasa unakimbia, busti (shinikizo la hewa ya turbo) imepanda, unaachilia mguu ubadilishe gia. Throto, kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, inafungwa. Hewa iliyoshindiliwa kwenye intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, haina pa kwenda, na turbo bado inazunguka. Hapo ndipo valvu ya kiwandani inafunguka na kuirudisha hewa ile kwenye bomba la kuingilia turbo, nyuma ya karani. Hewa imezunguka ndani ya nyumba, haijatoka nje ya hesabu. Subaru haikufanya hivyo kwa aibu ya kelele. Ilifanya hivyo kwa sababu hewa ile imeshaandikwa kitabuni.

Dampu inaimwaga nje. Karani ameandika magunia kumi, ghalani yamefika saba, na mpishi anapika ya kumi. Petroli inazidi hewa kwa muda mfupi. Ndiyo ule moshi mweusi unaouona, ndiyo ule mlio wa pah! kwenye ekzosi unaoufurahia ukidhani ni mashindano ya Safari Rally. Pshhh unayoisikia ni hewa uliyoilipia petroli ikienda zake.

Itaua injini? Hapana. Nitakuwa mwongo nikisema itaua. Ni kosa la sekunde moja, na nimeona magari yameishi na dampu miaka bila kufunguliwa hedi. Ubaya hasa uko kwingine, na hausemwi na wauzaji. Gari likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa, kwenye taa za Bunyala, uvutaji wa injini unaivuta ile dampu ifunguke kidogo, hasa zile za bei ya chini zenye springi laini. Sasa hewa inaingia kupitia pale pale pa kutokea, bila kuhesabiwa na bila kuchujwa. Sailensa inapanda na kushuka, gari linazima kwenye foleni, na ukienda kuwatembelea wazee kwa barabara ya murram, vumbi lote lile linakaribishwa ndani ya silinda. Filta yako ya bei ghali inabaki pembeni inatazama.

Kabla mwenye Toyota Mark II hajaniandikia matusi: injini yake ya 1JZ-GTE haina karani wa namna hii. Inapima shinikizo kwenye manifoldi na kukisia hewa kutokea hapo, kwa hiyo hewa ikimwagwa kabla ya throto haivurugi hesabu. Mwenye JZ, mwaga. Nitakuchukia kwa sababu ya kelele tu.

Na wale wa stututu? Hao wameziba valvu kabisa, hewa inarudi kupigana na visu vya kompresa. Vitabu vinasema inaua beringi ya turbo. Huenda. Mimi nimefungua turbo nyingi zilizokufa, na nikiwa mkweli, nyingi zimeuawa na oili chafu. Sikumbuki hata moja ambayo ningeweza kuapa kwamba stututu peke yake ndiyo iliyoimaliza. Hata hivyo kwangu sizibi. Sioni faida yake.

Kinachoua ni ndugu yake dampu, ile filta ya wazi yenye bomba pana, na hiyo hakuna anayeiogopa kwa sababu haitoi pshhh. Umempanulia karani mlango. Sensa ile ile ikikaa kwenye bomba pana zaidi, hewa inapita polepole mbele yake, inaipoza kidogo, naye anaandika magunia manane wakati yameingia kumi. Petroli inakuja ya manane. Injini inakimbia ikiwa na njaa ya petroli chini ya busti, joto linapanda, na unaanza kupata noki.

Nieleze neno hilo, maana hapa Nairobi lina kazi mbili. Gari "likinoki" mtaani, maana yake limekufa: beringi za konrodi zimeliwa, injini inagonga kama mlango, unaanza kuchangisha. Noki ninayoisema mimi hutangulia. Ni petroli kulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, kabla moto ulioanzia kwenye plagi haujaifikia. Huwezi kuisikia ukiwa na muziki, na mara nyingi hata bila muziki. Inachofanya ni kuvunja kile kingo chembamba cha pistoni kinachoshika ringi. Halafu kompresheni inashuka, oili inapuliziwa nje kwenye bomba la kupumulia, na unaambiwa "Subaru ni magari mabovu".

Kwenye EJ huwa ni silinda ya nne mara nyingi kuliko nyingine. Wengine wanalaumu njia ya maji ya kupoza, wengine jinsi petroli inavyogawanywa. Nimefungua za kutosha kujua kwamba kila mwenye nadharia anazungumza kwa uhakika kunizidi mimi.

Petroli nayo. STI ya Kijapani, ndugu mkali wa WRX, imeandikiwa haioku. Kwa viwango vya Japani haioku ni okteni 96 kwenda juu, na pampu nyingi kule huuza karibu na 100. Super ya kawaida ya hapa haifiki huko, na kompyuta ile haikubadilishwa ilipopakiwa melini. Inachofanya ni kusikiliza noki na kurudisha taimingi ya cheche nyuma, kila siku, kila mlima, mpaka siku inayochelewa. Kama umenunua gari la namna hii na mpango wako ni kuweka petroli ya shilingi mia tano ya bei rahisi jirani na stendi, tafadhali nunua Toyota Fielder. Ni gari zuri sana.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi: tuni ya Nairobi kupelekwa Mombasa.

Hapa tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni kama bar 0.82. Mombasa ni 1.01. Jamaa anaweka kile kiskurubu cha busti kwenye bomba la westigeti (valvu inayozuia busti isizidi), anakikaza mpaka geji inaonyesha bar 1, anafurahi. Lakini geji ile inahesabu juu ya hewa ya nje. Bar 1 ya Nairobi kwa kweli ni 1.82 ndani ya manifoldi. Akiteremka pwani kwa Krismasi, kiskurubu kile kile, springi ile ile, sasa inakuwa 2.01. Hiyo ni hewa zaidi kwa kama asilimia kumi, kwenye sehemu ya ramani ya kompyuta ambayo fundi wake hakuwahi kuiona akituni hapa, maana huku gari halifiki hapo. Ongeza joto la nyuzi 32, ongeza watu wanne na mizigo, ongeza hamu ya kupita lori pale Maungu. Januari napigiwa simu kutoka Voi.

Kinyume chake pia kipo. Ukilazimisha turbo ndogo kama TD04 itoe hapa Nairobi 2.01 ile ile ya Mombasa, inabidi izidishe hewa ya nje kwa karibu 2.45 badala ya 2. Inazunguka kwa kasi isiyoipenda na kupuliza hewa ya moto. Kompyuta ya kiwandani inajua haya, ndiyo sababu hupunguza busti mwinukoni. Mtu akiniambia "gari langu limefungwa busti, nifungulie", najua anakaa Nairobi na hajawahi kulipeleka Kilifi.

Hapo hapo niulizwe karatasi za daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari. Mashine ikiwekwa marekebisho ya mwinuko yaliyotungwa kwa injini zisizo na turbo, inakuzidishia namba kwa karibu moja ya tano, wakati turbo yako ilishajirekebishia sehemu kubwa ya upungufu. Farasi 300 za karatasi, wengine wao hawajazaliwa. Linganisha kabla na baada kwenye mashine ile ile siku ile ile, namba nyingine zote ni za kuwaonyesha marafiki.

Kununua nitakupitisha haraka. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na bodi hii ilikoma kutengenezwa 2007, kwa hiyo unayoitazama imeshalelewa hapa muda mrefu, na wenyewe wasiopungua watatu, na kila mmoja ana binamu fundi. Usiangalie odometa, ni hadithi. Nenda alfajiri, shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji alikuwa anaficha kitu. Pima kompresheni, na usitishwe na namba za mitandao ya nje: bar 10 ya pwani ni kama 8 hapa. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye habari. Mkanda wa taimingi, kama hana risiti, haukubadilishwa. Vuta dipstiki. Kwenye injini za lita 2.5 na zile Legacy, uliza kuhusu kile kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye turbo, kikiziba turbo inakufa kiu. Turbotaima, kile kifaa kinachoiacha injini iendelee kuzunguka ukishatoa ufunguo, hauihitaji, endesha pole dakika mbili za mwisho kabla ya kufika nyumbani.

Na chomeka laptopu. RomRaider ni ya bure. Kwenye kompyuta za umri huu kuna namba inayoitwa IAM. Ikiwa 16, kompyuta inaiamini petroli na injini. Imeshuka? Imekuwa ikisikia noki, na hakuna polishi inayofuta hilo.

Ya kijana wangu ilisoma 9.

Sikumfungia dampu. Tulikuta klempu ya bomba la intakula imelegea, plagi za tangu enzi za mwenye gari wa pili, na filta ya wazi kwenye bomba pana lililonunuliwa Grogan, kwa wauza vipuri. Tukarudisha sanduku la kiwandani, ambalo kwa bahati lilikuwa bado kwenye buti, plagi mpya, oili, mkanda wa taimingi. Petroli ya V-Power ya Shell, tangi mbili. Alirudi Alhamisi, namba imepanda hadi 16, anasema gari limekuwa jepesi na hajui ni kwa nini.

"Sasa Fundi, ile dampu?"

Iko kabatini. Kuna mwenye Mark II anaiulizia.